Maana ya ukusanyaji wa vumbi kwa mashine za mkononi za useremala

Katika karakana ya nyumbani, ukusanyaji wa vumbi ni utaratibu wa kulinasa vumbi la mbao pale pale linapotokea, yaani kwenye meno ya msumeno, kisu cha randa au uso wa msasa, kabla halijasambaa hewani. Kwa hiyo kufagia hakuhesabiwi, kwa kuwa ufagio hushughulika na vumbi lililokwisha kutua, na tena hulitimua upya. Barakoa nayo humlinda aliyeivaa peke yake, jambo lenye uzito mkubwa Mwanza, ambako banda la seremala wa Mabatini au Kirumba huweza kupakana na chumba wanamolala watoto.

Maranda na chembe kubwa za randa ya umeme ni usumbufu tu, maana huanguka chini zenyewe. Hatari imo katika unga laini, hasa wenye chembe zisizofikia mikroni 10, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Unga huo huelea kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, na haukwami wote puani bali mwingine hufika mapafuni. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vilivyothibitika vya saratani, hususan ya pua na mianya yake. Tena mvule, mti unaosifiwa sana kwa uimara wake, una vumbi linalojulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu.

Mashine kubwa za kusimama huhudumiwa na feni yenye bomba pana, mara nyingi la milimita 100, inayosukuma hewa nyingi kwa mvuto mdogo. Mashine za mkononi zina tundu jembamba la kutolea vumbi, aghalabu la milimita 27 hadi 35, na feni ya aina ile ikiungwa kwenye mpira mwembamba kiasi hicho hukosa nguvu kabisa. Zinahitaji kifyonza vumbi, ambacho huvuta hewa kidogo lakini kwa mvuto mkali.

Kama fedha inatosha kuhudumia mashine moja tu, basi iwe ya kupigia msasa, kwa sababu ndiyo inayotoa unga laini kuliko zote na ndiyo ambayo vumbi lake hunaswa kwa urahisi zaidi. Kitako chake kina matundu, na vumbi hupita humo kuelekea kwenye mpira. Msasa ukibandikwa matundu yake yakiwa yamepishana na ya kitako, hata kwa nusu tundu, njia huziba na vumbi hutokea pembeni. Fundi anayekata msasa wa karatasi mwenyewe akasahau kuutoboa hana ukusanyaji wowote, hata kifyonza kikinguruma namna gani. Msumeno wa mviringo ni mgumu zaidi, kwani meno yake hurusha unga pande mbili na kifuniko hunasa sehemu tu.

Kifyonza chenye chujio hafifu huvuta unga laini mbele na kuutema nyuma, kikiacha sakafu safi na hewa chafu kuliko awali. Chujio la daraja la HEPA huzuia asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, ila huziba upesi likipokea kila kitu. Ndiyo maana huwekwa ndoo yenye kifuniko kati ya mashine na kifyonza: hewa huingia ikizunguka, chembe nzito hugonga ukuta na kudondoka, na chujio hubakiwa na kazi ndogo.

Mlango ukiwa wazi husaidia, lakini mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, hivyo mlango mmoja unaotazama ziwa huurudisha unga ndani usipokuwa na dirisha upande wa pili. Kifyonza hicho kisiungwe kamwe na grenda inayokata chuma, kwa kuwa cheche moja ikiangukia unga mkavu wa mbao inaweza kuwaka polepole ndani ya mfuko, fundi akiwa amekwisha kufunga banda.