Mtoto wa vita humlilia nani?

Mabomu ya Ujerumani yalipoanza kuimiminikia London Septemba 1940, Anna Freud, mtaalamu wa uchanganuzi nafsi wa watoto, alikuwa na miaka miwili tu ya ukimbizi mjini humo. Alitoka Vienna Juni 1938 pamoja na baba yake, Sigmund, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi, baada ya Wanazi kuitwaa Austria na Gestapo, polisi wao wa siri, kumkamata Anna na kumhoji. Mwaka 1941, yeye na mwenzake wa kazi, Dorothy Burlingham, wakafungua nyumba za kulelea watoto wa vita, mtaa wa Hampstead.

Wengi wetu tukisikia uchanganuzi nafsi, yaani tiba ya kuchimbua yaliyofichika moyoni, tunafikiria mgonjwa aliyejilaza kwenye kochi. Hampstead kazi hiyo ilifanyika bafuni, mezani na usiku wakati wa kulala. Walezi waliandika kila walichokiona.

Na walichokiona kilikuwa kizito. Mtoto mdogo aliyepitia mashambulizi ubavuni mwa mama mtulivu mara nyingi hakutikisika sana. Aliyetenganishwa na mama yake ili awe salama ndiye aliyerudia kukojoa kitandani, akasahau hata maneno aliyokwisha kuyajua. Basi wazazi wakaruhusiwa kuja kuwaona watoto saa yoyote, na watoto wakagawanywa katika vifamilia, kila kimoja na mlezi wake.

Hapo ndipo kilio kilipolipuka. Watoto waliokuwa kimya wakaanza kuoneana wivu, kugombania mlezi, kumng'ang'ania asitoke hata mlangoni. Mtu angedhani mpango umeharibika. Kumbe walikuwa wamepata wa kumlilia! Baada ya muda fujo zikapungua, na waliochelewa kuongea wakaanza kuongea.

Nalirudia hili kwa wazazi na walimu kwa sababu machafuko yakitokea tunahesabu nyumba zilizoungua, kisha tunamsifu mtoto aliyenyamaza: “Huyu hana shida.” Tafadhali, huyo mchungulieni zaidi. Kama lazima ahamishwe, aende na mtu anayemjua, na ndugu wasitenganishwe. Kama baba ameuawa, aambiwe na mtu anayempenda, kwa maneno mepesi. Asidanganywe kwamba baba kasafiri, maana atakaa akimngoja.

Akicheza vita au mazishi, msimkemee. Watoto wa Hampstead nao walicheza kubomoa nyumba kwa mabomu. Kaeni karibu, na akiwapa nafasi katika mchezo wake, ingieni.