SHA: Kujisajili Si Kuchangia

Malalamiko mengi yanayofika kwenye madawati yetu ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii nchini Kenya, huanza hivi: "Nimejisajili SHA, mbona hospitali inanidai?" Kujisajili kunakupa matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya, yanayogharamiwa na serikali. Kulazwa na upasuaji hulipiwa na hazina tofauti, ile ya michango. Usipochanga, hazina hiyo haikulipii. Tumelieleza hili tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa iliyotangulia, na tutaendelea kulieleza.

Kwa walioajiriwa, kanuni za 2024 zilizotungwa chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 zinataka asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, lakini isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Anayelipwa 40,000 hukatwa 1,100. Wa 10,000, hesabu inatoa 275, ila atakatwa 300. Mwajiri awasilishe fedha hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akichelewa, atatozwa adhabu ya asilimia 2 ya mchango. Adhabu ni ya mwajiri. Ukiona imeingia kwenye payslip yako, iulizie.

Mama mboga, fundi na mtu wa bodaboda hawana payslip, ndiyo maana tunauliza kuhusu paa, choo na maji ya kunywa. Wapo wanaodhani tunahesabu mabati ili tuwatoze kodi. Hapana. Majibu hayo ndiyo yanayokadiria mapato ya nyumba, na mchango hutokana nayo. Kima cha chini ni 3,600 kwa mwaka, na mwaka mzima hulipwa mapema. Tunajua kutoa kiasi hicho kwa mkupuo si rahisi kwa anayepata riziki ya siku kwa siku. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliletwa kwa sababu hiyo.

Tatizo sugu ni anayesubiri mgonjwa afike wodini ndipo akimbilie simu kulipa, kisha mwaka unaofuata anakaa kimya kwa kuwa "sikuugua." Bima si M-Pesa, useme ulichoweka ndicho utakachotoa. Mchango wa aliye mzima leo ndio unaomlipia aliyelazwa leo.

Wewe piga *147#, hakikisha malipo yako yako hai, na uangalie kama mwenzi na watoto wote wameorodheshwa. Mtoto mchanga hajiingizi mwenyewe. Ni lazima umwongeze.