Asilimia 10 na 90 za wakufunzi

Kwenye semina nyingi, hata hapa Tanga, mkufunzi hufungua na piramidi: tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, 90 ya tunachofanya. Namba hizo hazikutokana na utafiti. Piramidi hiyo huhusishwa na Mmarekani Edgar Dale, mtaalamu wa elimu, lakini yeye alichora koni ya njia za kujifunza mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Wengine walizibandika baadaye.

Mazoezi yanasaidia, hilo halina ubishi. Ila mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, anayejifunza kutengeneza injini ya boti asiachwe apapase tu. Aonyeshwe plagi iliyolowa, aelezwe kwa nini haitoi cheche, ndipo apewe spana na kusahihishwa papo hapo. Mkufunzi huaminika hapo, kuliko kwa takwimu za kwenye slaidi, ambazo kwa kweli angezifuta.