Dola 240 za kuandikwa kwenye saraka ya mtandaoni: zinarudi?

Mama mmoja mwenye karakana ya kushona salopeti (ovaroli) na jile (vizibao) za kazi katika commune ya Kampemba, hapa Lubumbashi, Kongo, alikuja ofisini kwetu, simu mkononi, ujumbe wa WhatsApp bado uko wazi. Mjumbe wa saraka ya biashara ya mtandaoni, zile tunazoziita annuaire, yaani orodha ya biashara na namba zao, alikuwa amemwandikia: "Mama, kunabakia tu nafasi mbili." Dola 240 kwa mwaka, nembo ya rangi, picha tano, na jina lake juu ya washonaji wengine wote wa Lubumbashi. Mama alitaka neno moja kutoka kwetu: alipe ao asilipe.

Hatukumpa neno hilo. Tulimwomba kwanza atuambie salopeti moja inamwachia faida ngapi baada ya kutoa kitambaa, uzi, zipu, ujira wa mshonaji na mafuta ya jenereta siku umeme unapokatika. Alihesabu kwa vidole, akarudia, akasema dola 4. Basi anahitaji kuuza salopeti 60 ambazo asingeziuza bila saraka hiyo, ili pesa yake irudi tu, faida bado. Hayo maneno "ambazo asingeziuza bila saraka" ndiyo watu huyasahau. Mteja wa zamani aliyepoteza namba yako, akaitafuta mtandaoni na kuikuta humo, hakuletwa na saraka. Alikuwa wako tayari.

Kwa mama huyu salopeti 60 si mlima. Kampuni moja ya sous-traitance, yaani inayopewa sehemu ya kazi na kampuni kubwa, inayohudumia mgodi inaweza kuziagiza kwa siku moja. Sasa mtazame dada mwenye saluni kule Katuba. Kichwa kimoja kinamwachia dola 3, na wateja wake wote wanatoka avenue tatu za jirani. Atahitaji vichwa 80 vipya, na majirani wenyewe tayari wanakiona kibao chake kila asubuhi wakienda kununua mkate. Kwa dada huyo jibu letu ni hapana, wala hatuna haja ya kuifungua hiyo saraka. Picha ya msuko kwenye status yake ya WhatsApp inafanya kazi zaidi, tena bure.

Swali la kuanzia, basi, ni hili: mtu anayenunua kwako, haja ikimshika, anatafuta wapi? Wazee wa soko watakwambia kizuri chajiuza. Kwenye soko la Kenya, lile la commune ya Kenya hapa Lubumbashi, mahali mteja anapokishika kitu, akakigeuza, akakinusa, ni kweli kabisa. Lakini mtu wa manunuzi wa kampuni ya mgodi aliyeko Kolwezi au Fungurume hapiti soko la Kenya. Amekaa mbele ya kompyuta, anaandika kwa Kifaransa, au kwa Kiingereza kama ametoka mbali, na anataka majina matatu ya kuomba profoma (bei kwa maandishi) kabla ya saa sita mchana. Huyo anaweza kukukuta kwenye saraka.

Akishakukuta, ataomba karatasi: RCCM (cheti cha kuandikishwa biashara), Identification nationale (namba ya kitaifa ya biashara), numéro impôt (namba ya mlipakodi). Tena, tangu sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, iliyotenga kazi za sous-traitance kwa makampuni yenye mtaji wa Wakongomani, atauliza kama umeandikishwa ARSP, mamlaka inayosimamia sous-traitance. Tumewaona watu waliolipia saraka wakati hata RCCM hawana. Simu ililia, wakaombwa faili, na mambo yakaishia hapo. Kama pesa ni moja, iende kwenye karatasi kwanza.

Faili likiwa sawa, ijaribu saraka kabla hujailipa. Usitumie simu yako, maana injini ya kutafuta inakumbuka ulichofungua jana na inaweza kukupendelea. Azima ya mtu mwingine. Usiandike jina la saraka; andika kile atakachoandika mnunuzi, kwa mfano "vêtements de travail Lubumbashi". Saraka isipoonekana kwenye ukurasa wa kwanza wala wa pili, nembo yako ya rangi itakuwa imebandikwa ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli.

Kisha ingia ndani yake, chagua fani yoyote, upige namba chache. Siku moja tulifanya hivyo na watu wa mafunzo: tulipiga namba sita za wauzaji wa jenereta. Mbili tu zililia. Ya kwanza ilikuwa ya duka kweli. Ya pili aliipokea mama aliyenunua laini hiyo sokoni, ambaye hajauza jenereta maishani mwake. Alicheka sana, akasema sisi si wa kwanza kumuulizia. Kicheko chake kilitufundisha mambo mawili kwa mpigo: saraka ile ilikuwa na wasomaji kweli, na wasomaji hao walikuwa wanapotea. Kwa hiyo muulize mjumbe: nikibadilisha namba, nairekebisha mwenyewe kwa nenosiri langu, au nabaki kuwabembeleza?

Ahadi utakayoisikia kuliko zote ni kwamba kiungo (link) cha kutoka kwenye saraka "kitakupandisha Google", maana injini ya kutafuta huhesabu kiungo kama kura kwa ukurasa wako. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Tangu Januari 2005 kuna alama iitwayo nofollow, ambayo mwenye tovuti anaiweka kwenye kiungo ili injini za kutafuta zisikihesabu kama kura. Mwaka 2019 Google iliongeza nyingine, sponsored, kwa viungo vilivyolipiwa. Kanuni zake zinataka kiungo cha kulipia kivae moja ya alama hizo, na zinahesabu ununuzi wa viungo kwa ajili ya kupanda kuwa ni udanganyifu. Sasa anayekuuzia kupanda anakuuzia nini? Ama kura isiyohesabiwa, ama kosa. Na wakubwa wenyewe walishindwa: Yahoo ilikuwa ikiwatoza wafanyabiashara dola 299 kwa mwaka ili tu maombi yao ya kuingia kwenye saraka yake yachunguzwe. Saraka hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2014.

Ule wasifu wa biashara wa Google unaokuonyesha kwenye ramani ni bure. Anayekupigia na kusema anatoka Google, anataka dola 50 ili akuweke kwenye ramani, hatoki Google. Jaza huo kabla ya kufikiria saraka yoyote: jina lilelile lililoandikwa kwenye RCCM, namba ya simu, saa za kufungua, na alama iwekwe mahali penyewe hasa. Hapa kwetu namba ya parseli (kiwanja) peke yake haimfikishi mgeni mbali. Tunaelekezana kwa kituo cha mafuta, kona na mwembe.

Kuna saraka nyingine ambazo si za kupimwa, ni za kukimbia. Huja kwa barua pepe au kwa karatasi yenye sura ya kiserikali, zikikuomba "uhakikishe" anwani ya kampuni yako, bure. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, imeandikwa kwamba sahihi na muhuri wako ni agizo la tangazo la miaka kadhaa, kwa mamia ya euro kila mwaka. Ulaya mtego huu uliwanasa wengi hadi Bunge la Ulaya likapitisha azimio juu yake tarehe 16 Desemba 2008, baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 400. Barua pepe haiombi viza. Inafika hapa pia. Na katika biashara zetu nyingi muhuri unakaa kwenye droo, anayefungua droo ni mpwa au binti wa mapokezi, na fomu ya bure haimshtui mtu. Mwambie leo: hakuna muhuri kwenye karatasi yoyote kabla mwenye biashara hajaisoma mpaka chini. Kama umeshabandika, usilipe kwa hofu ya barua za vitisho. Pinga kwa maandishi, tunza nakala, umwone mwanasheria.

Hata kwa saraka za kweli, angalia mkataba unavyojirefusha. Ukitoa namba ya kadi ya benki, mwaka wa pili unaweza kukatwa bila kuulizwa. Kwa mobile money, kwa kawaida kila malipo yanasubiri namba yako ya siri, na hapo unapata nafasi ya kufikiri tena.

Tumrudie mama wa salopeti. Tulimwambia aombe miezi mitatu badala ya mwaka, kwa dola 60. Mjumbe alisita, akakubali. Kisha tukamwambia anunue laini mpya na kuitia kwenye simu ndogo ya vitufe. Namba hiyo isiandikwe kwenye kadi, wala kibao, wala risiti. Ipewe saraka peke yake. Ikilia, anajua mtu ametokea wapi. Pembeni yake daftari la shule lenye safu nne: tarehe, jina, alichotaka, alichonunua. Laini ipewe unite (salio) na simu chaji kila mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na mtandao, halafu namba inauzwa tena. Bila shaka ndivyo yule mama wa jenereta alivyopata yake.

Baada ya miezi mitatu alituletea daftari. Simu tisa. Tano zilikuwa za watu waliotaka kumuuzia yeye: wino wa printa, bima, na saraka nyingine. Wawili waliuliza bei wakapotea. Mmoja alikuwa mteja wake wa zamani. Wa tisa alikuwa mtu wa kampuni ya walinzi, akaagiza salopeti 25. Ishirini na tano mara nne ni dola 100. Toa 60, amebaki na 40 na mteja ambaye walinzi wake watachakaza nguo tena. Si nyingi. Ila ni pesa aliyoihesabu mwenyewe kwa mkono wake, na kwa hesabu hiyo akarefusha miezi mitatu mingine, mwaka mzima akaukataa.

Mjumbe alimpigia tena majuzi kumshawishi achukue mwaka. Nafasi mbili zile, alisema, bado zipo.