Askari aliyerudi vitani: daktari wa akili anatibu nini hasa?

Swali: Amerudi salama. Mbona halali?

Mwili umerudi, ila akili bado iko lindoni. Akiingia mahali hutafuta kiti kinachotazama mlango, mgongo ukutani. Mlango ukibamizwa, ameshainama kabla hajajua kilicholia. Usiku ndoto humrudisha kule kule. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kumvurugia maisha, huenda ana msongo wa baada ya kiwewe. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye orodha ya maradhi mwaka 1980, miaka 5 baada ya Vita vya Vietnam kwisha. Wengi walikuwa wameteseka muda wote huo bila ugonjwa wao kuwa na jina hilo.

Swali: Kwa hiyo ni hofu tu?

Hapana, na hapa ndipo namheshimu sana Dkt. Jonathan Shay. Kwa miaka mingi aliwatibu waliopigana Vietnam katika kliniki ya wanajeshi wastaafu mjini Boston. Aliwasikiliza mpaka akaelewa kwamba kilichowachoma wengi si risasi za adui peke yake. Ni usaliti: mkubwa wao mwenyewe, waliyemkabidhi roho zao, kukiuka haki wakati watu wanakufa. Hilo ndilo jeraha la kimaadili. Watafiti waliomfuata wakaongeza na yule anayejilaumu kwa alichotenda, au alichoshindwa kuzuia.

Kidonge hakiondoi aibu. Shay aliamini kwamba mtu hapati nafuu akiwa peke yake. Anahitaji wenzake waliopitia yale yale, wanaoweza kusikia habari yake mpaka mwisho bila kumhukumu.

Swali: Dawa je?

Zipo, kama sertralini na paroksetini, na huwasaidia baadhi. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe ndiyo hutangulizwa. Asiache dawa ghafla bila kumwona daktari.

Swali: Sisi wa nyumbani tufanye nini?

Msimuulize ameua wangapi. Nawasihi sana. Swali hilo huwafunga watu midomo kwa miaka. Akiota vibaya, msimtikise. Simameni mbali kidogo, mwiteni kwa jina lake. Akianza kusema kwamba afadhali afe, msimwache peke yake, ondoeni silaha nyumbani, na mtafute msaada saa hiyo hiyo. Aliyeko Marekani apige 988, kisha abonyeze 1.