CRP ikipanda, usikimbilie antibayotiki

CRP ni protini ya damu inayopimwa kuona kama mwili una uvimbe au maambukizi. Hapa Mwanza, kuanzia Buzuruga hadi Kirumba, maneno ni yaleyale: "Daktari, CRP yangu imepanda, damu ina bakteria, niandikie dawa." Wengine wanafika wakiwa wameshanunua amoksilini duka la dawa na dozi iko nusu. Watu wanameza dawa zisizohusiana kabisa na ugonjwa wao.

Dhana: CRP ikiwa juu, una bakteria

Si kweli. CRP haitokani na bakteria wala haiwahesabu. Inatengenezwa na ini lako, likiamshwa na interleukini-6, kemikali ya kupeleka ujumbe ambayo seli za kinga huitoa tishu inapoumia au kuvamiwa. Chanzo kinaweza kuwa nimonia, malaria, mfupa uliovunjika, upasuaji, baridi yabisi au saratani. Ikishaingia kwenye damu, CRP hunata juu ya bakteria na juu ya seli zilizoharibika, kisha huamsha komplimenti (protini nyingine za kinga) ili seli walaji zije kuvimeza. Ni kinga inafanya kazi. Hakuna "damu chafu" ya kuosha kwa juisi ya tangawizi.

Angalieni muda, jamani. CRP huanza kupanda saa 4 hadi 6 baada ya tukio, huongezeka maradufu kila saa 8 hivi, na hufika kilele kati ya saa 36 na 50. Aliyeanza homa alfajiri akapimwa asubuhi hiyohiyo anaweza kupata namba ya chini, 4 mg/L (miligramu kwa lita), na nimonia anayo. Aliyepasuliwa juzi anaweza kuwa na 120 bila maambukizi yoyote. Ndiyo maana nasisitiza: kwenye fomu ya kipimo iandikwe homa ilianza lini. Bila hilo mnabahatisha.

Kuna wanaoshika viwango vya 20 na 100 mg/L kama sheria. Viwango hivyo vinatumika Ulaya kwa wagonjwa wa kifua, kusikokuwa na malaria. Huku Kanda ya Ziwa malaria peke yake inaweza kuivusha CRP 100. Kwa hiyo anza na mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) au darubini. Malaria isipoonekana na CRP iko juu sana, tafuta bakteria walipo: kifua, mkojo, ngozi, viungo. Ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi, rudia baada ya saa 48 kwenye maabara ileile, na usome kizio: 4.8 mg/dL na 48 mg/L ni kitu kimoja, hakuna kilichopanda wala kushuka.

"ESR na CRP ni kipimo kilekile"

Hapana. ESR ni kasi ya chembe nyekundu kushuka kwenye mrija; hufuata zaidi fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) na huchukua wiki kushuka. Mimba na upungufu wa damu huipandisha. Selimundu huishusha, kwa kuwa chembe zenye umbo la mundu hazipangani vizuri. Mrija ukiinama kidogo tu, au meza ikitikiswa na sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli), majibu yanapanda bure.

"Ferritini iko sawa, chuma kipo"

Ferritini, protini inayohifadhi chuma, nayo hupanda mwili ukiwa na maambukizi. Kwa hali hiyo WHO, katika mwongozo wa 2020, inahesabu upungufu wa chuma chini ya 70 µg/L kwa mtu mzima na chini ya 30 kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Mama wa Ukerewe mwenye kichocho na ferritini ya 50 asiambiwe chuma kimejaa. Pimeni ferritini na CRP kwa pamoja.

"Albumini imeshuka, ale sangara zaidi"

Ale, ni chakula kizuri. Lakini wakati wa ugonjwa ini hupunguza kutengeneza albumini (protini kuu ya damu), na nyingine huvuja nje ya mishipa. Itapanda chanzo kikitibiwa.

"CRP imeshuka, nimepona"

Mara nyingi ndiyo, maana chanzo kikiisha hupungua kwa nusu kila saa 19 hivi. Ila deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, huishusha namba huku bakteria wakiendelea kuzaana. Kama unaitumia, mwambie anayekupima kabla hajatoa damu.