Umelipwa, sema: "nimeandika ukweli" si jibu

Wiki hii tena nimeambiwa lile lile: "Kaka, hiyo simu naipenda kweli, nimeandika ninachokiamini. Sasa niseme nimelipwa ili iweje?" Anayesema si tapeli. Ni mwandishi mzuri mwenye wasomaji wanaomwamini, na kampuni imemlipa vizuri tu. Mimi kazi yangu ni kukaa katikati: natafutia kampuni waandishi, napanga bei, nasoma rasimu kabla hazijatoka. Nimechoka kuyarudia haya kwenye simu, bora niyaandike.

Kulipwa si dhambi. Mwandishi anakula, bando halijinunui, na tangu zije kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 hapa Tanzania, hata leseni ikawa na gharama yake. Wale wanaodai mwandishi safi ni yule anayeandika bure, sina muda nao. Tupite.

Shida ipo kwenye hilo "nimeandika ukweli". Pesa ya tangazo ni mara chache inanunua uongo. Inanunua kinachoachwa. Kamera ni nzuri, kweli. Chaji inakaa siku nzima, kweli. Kwamba kioo chake hukipati Kariakoo, na kikipasuka unasubiri kiagizwe, hilo halimo. Kila sentensi ni ya kweli na msomaji kaingizwa mjini. Haya, tuseme hukuacha kitu. Kwa nini umeandika simu hii na si ile iliyo pembeni yake dukani, ambayo pengine ni bora ila haina bajeti ya matangazo? Msomaji anadhani uliitafuta wewe, kumbe wao ndio waliokutafuta. Hilo ndilo unalomficha, na uandike ukweli kiasi gani huko ndani, bado hajui.

Halafu kuna kipengele cha mkataba kinachompa mteja haki ya kuidhinisha rasimu, ambacho watu wanasaini bila kukisoma. Rasimu moja ilipita mikononi mwangu ikiwa na maneno "inapata moto ukicheza gemu muda mrefu". Ikarudi kutoka kwa mteja ikisomeka "ina nguvu ya kutosha kucheza gemu muda mrefu". Nenda kapime, simu inacheza gemu muda mrefu kweli. Maneno machache tu yalibadilika. Mwandishi akaipitisha kwa sababu malipo yalikuwa yanasubiri, na ukimuuliza leo atakwambia hakuna aliyemlazimisha kudanganya. Yuko sahihi! Hicho ndicho kinachoniudhi.

"Sijalipwa, nimepewa tu." Simu ya bure, tiketi, siku mbili hotelini Zanzibar na kifungua kinywa: ni malipo. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliposahihisha mwongozo wake mwaka 2009 iliwataja waandishi binafsi waziwazi, na vya bure vikawekwa kapu moja na fedha. Na usiniletee neno "ushirikiano" kwenye mstari wa mwisho. Weka neno "tangazo" juu kabisa, kabla msomaji hajaanza kukuamini. Wakati mwingine hata alama hiyo peke yake haitoshi: Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, aliiweka alipotangaza sarafu ya kidijitali ya EthereumMax, lakini hakusema kwamba amelipwa dola 250,000. Kwa bidhaa za uwekezaji sheria ya Marekani inataka kiasi kitajwe. Mwaka 2022 alikubali kulipa dola milioni 1.26 ili kumalizana na SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya uwekezaji.

Kuna na maombi mengine yanayonijia kwa barua pepe, na hayo hayamhusu hata msomaji: makala isitaje udhamini, iwe na linki moja isiyo na "nofollow" (alama inayoiambia Google isiihesabu linki hiyo), isiondolewe. Hapo anayeandikiwa ni Google. Alama ya "nofollow" ilikuja 2005, ya "sponsored" ikaja 2019, na zote hutumika ili linki ya kulipiwa isimpandishe mtu kwenye matokeo ya utafutaji. Januari 2012 Google iliushusha hata ukurasa wake yenyewe wa Chrome baada ya makala za kulipiwa kuonekana zikiupigia debe. Wewe utaponea wapi?

Sasa niseme jambo ambalo kwenye semina zetu haliguswi. Mwaka 2005 watafiti Cain, Loewenstein na Moore walichapisha jaribio la sarafu ndani ya mtungi. Mtu anakadiria zina thamani gani kwa msaada wa mshauri aliyeziona vizuri zaidi, na mshauri analipwa zaidi kadiri makadirio yanavyokuwa juu. Maslahi yake yalipowekwa wazi, ushauri wake ulizidi kupinda, na msikilizaji hakuupunguza vya kutosha. Yaani kusema "nimelipwa" kunaweza kumpa mlipwaji kibali cha kutia chumvi. Na mimi nayaona: mwandishi akishaweka lebo ya tangazo juu, chini anaachia breki, kila kitu "hakina mpinzani".

Kwa hiyo naidai lebo, na siamini kwamba inatosha. Sijui kama hata nikiizidishia maelezo itatosha, na wanaokupa uhakika kuhusu hilo wana kozi ya kukuuzia. Ninachoweza kukishika ni mkataba. Mikataba ninayoandika siku hizi inasema mteja anasahihisha bei, vipimo na majina, basi. Maoni ni ya mwandishi, malipo hayategemei kama yamempendeza mteja, na nusu ya fedha inatoka kabla ya rasimu ili njaa isihariri makala. Wapo wateja wanaosaini bila neno. Wengine wanacheka, wanakwenda kwa wakala mwingine, na makala zao mnazisoma kila siku mkidhani mwandishi ndiye aliyejichagulia mada.